"Kichwa kikavu" kinachotoa mafuta: kutafuta chanzo cha mba, muwasho na nywele kunyonyoka

Ombi ninalolisikia sana dirishani ni hili: "Dada, kichwa changu kikavu mno, kinatoa ungaunga. Nipe mafuta mazito." Mimi huuza dawa kwenye duka dogo la mtaani hapa Tanga, na kabla sijanyoosha mkono kwenye rafu humwomba mteja ainamishe kichwa. Mara nyingi ninachokiona si ukavu. Ni ngozi inayong'aa, magamba ya manjano yaliyonatana, na harufu ya mafuta yaliyolala. Huyo mtu amekuwa akikipaka mafuta kichwa ambacho tayari kina mafuta ya kutosha, kila jioni, huku akishangaa kwa nini mba hauishi.

Dalili zimepangwa hapa chini kama watu wanavyozisema wenyewe. Nenda kwenye ya kwako, ila jaribio hili la mwanzo lifanyeni wote.

Jaribio la tishu na ukucha

Osha kichwa kwa shampuu ya kawaida, kisha ukae siku tatu bila kupaka kitu chochote. Najua siku tatu ni nyingi kwa aliyezoea mafuta, vumilia. Siku ya tatu kandamiza kipande cha tishu utosini na nyuma ya masikio, ukitazame kwenye mwanga. Halafu kwangua kidogo kwa ukucha, bila kujichubua, na usugue kilichotoka kati ya vidole viwili.

Kikipukutika kama unga wa muhogo na tishu ikabaki kavu, basi kweli una ngozi kavu: punguza kuosha kwa sabuni kali, punguza joto la draya, na mafuta mepesi yatakufaa. Kikinata kama nta na tishu ikaonyesha doa, huo ni mba wa mafuta. Gamba likiwa nene, jeupe la kung'aa kama fedha, limevuka mpaka wa nywele kuingia kwenye paji la uso, na ukilibandua linaacha vidoa vya damu, tazama viwiko, magoti na kucha zako. Huenda ni soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi wenye magamba, na hiyo haiponi kwa shampuu ya mba peke yake. Na ukiona nywele zimekatika usawa wa ngozi zikaacha vidoti vyeusi, hasa kwa mtoto, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Mtoto" huko chini, kwenye mapunye.

"Kinawasha, kina magamba ya mafuta, naosha leo keshokutwa mba umerudi"

Huu ni mba wa mafuta. Ukizidi na kuenea, wataalamu wa ngozi huuita dematitisi ya seboria. Chanzo chake kinahusiana na kiumbe tunachoishi nacho wote: hamira iitwayo Malassezia, iliyopewa jina la Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyeieleza mwaka 1874. Ni jamaa wa mbali wa hamira ya maandazi, ila yenyewe haiwezi kujitengenezea mafuta ya kuishi, kwa hiyo hula yanayotoka kwenye ngozi yetu. Ikiyavunja huacha asidi ambazo ngozi za baadhi ya watu hazizivumilii. Ngozi ya namna hiyo huwashwa, huvimba kidogo, na huanza kujivua haraka kuliko kawaida. Ndiyo hayo magamba.

Kwa hiyo mba si uchafu, na humwambukizi mtu kwa kitana. Huzidi mtu akichoka, akikosa usingizi, akiwa na msongo wa mawazo, na kwa wengi humwanza akibalehe, wakati tezi za mafuta zinapoamka. Wengine hupata nafuu kwenye joto na kuzidiwa kwenye baridi. Wengine, hasa waendesha bodaboda na wanaofunika kichwa kutwa nzima, jasho ndilo huwachokoza.

Tazama pia nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio na katikati ya kifua, maana hutokea huko huko. Picha nyingi za vitabuni huonyesha wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni mabaka yaliyopauka, na watu huyachukulia kuwa ni choa au eti ni kukosa vitamini.

Sasa suala la mafuta. Kwenye maabara, wakitaka kuiotesha hamira hii, humwagia juu yake mafuta ya zeituni ndipo istawi. Jambo hilo hunitosha nikimwona mtu anakandika zeituni na nyonyo kwenye ngozi ya kichwa yenye mba. Sisemi nazi au nyonyo ni mbaya. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kuukinga usikatike, hilo bibi zetu walilijua kwa macho tu. Lakini unywele ni kitu kimoja na ngozi ni kingine. Paka kuanzia katikati ya unywele hadi nchani, mizizi uiache.

Dawa ninayoianza nayo ni shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Kwa kawaida hutumika mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Mwenye nywele za kipilipili au zilizowekwa dawa, mara moja kwa wiki inamtosha, kwa sababu nywele hizo hukauka na kukatika zikioshwa mno. Isipopatikana, zipo za seleniamu salfaidi (hii hubadilisha rangi ya nywele zilizotiwa rangi, jihadhari) na za zinki pirithioni, ambayo ni nyepesi zaidi. Mba ukishatulia, endelea mara moja kila wiki moja au mbili. Haumalizwi, unatulizwa. Ukiacha kabisa, hamira iko palepale inasubiri.

"Nimetumia hiyo shampuu ya dawa, haikufua dafu"

Malalamiko haya huja karibu kila mara, na nikimuuliza mtu jinsi alivyoitumia, kosa hujitokeza lenyewe.

La kwanza ni muda. Watu hupaka, povu likatoka, maji yakafuata. Dawa inahitaji kukaa kwenye ngozi dakika tatu hadi tano. Tazama saa, usikisie. Dakika tano bafuni na macho yamefumbwa huonekana kama nusu saa.

La pili, dawa imeishia juu ya tabaka la mafuta. Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida, suuza, ndipo upake ya dawa. La tatu linashabihiana na hilo: dawa imeosha nywele, ngozi haijaguswa. Gawa nywele kwa mkia wa kitana, mstari baada ya mstari, upake kwenye mstari wenyewe na usugue kwa ncha za vidole. Kucha ziache nje ya shughuli hii. Kisha paka kondishena nchani, isifike kwenye mizizi.

Magamba yakiwa mazito kama ukoko wa wali, hakuna dawa itakayopenya. Yalainishe kwanza kwa shampuu au losheni yenye asidi ya salisili kwa siku chache. Usiyabandue makavu, yanatoka na nywele.

Halafu kuna anayefanya yote sawasawa, akatoka bafuni, akafungua kopo lake la grisi na kupaka utosini. Huyu sina la kumwambia zaidi ya nililokwisha kusema.

Soma pia maandishi madogo nyuma ya chupa. Neno "mba" mbele ya chupa si dawa. Dawa ni jina la kiambato. Na kama ndugu yako aliyeko Ujerumani au Ufaransa amekuletea shampuu ya chapa ileile uliyoizoea, jua kwamba tangu Machi 2022 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku zinki pirithioni kwenye vipodozi, kwa hiyo kilichomo si kilekile.

Wapo wanaoomba vidonge vya ketokonazoli "ili ifanye kazi haraka". Siwapi. Vidonge hivyo vinaweza kuumiza ini vibaya, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visitumike tena kwa magonjwa ya fangasi. Shampuu inabaki juu ya ngozi, haina hatari hiyo. Na zile tyubu zenye mchanganyiko wa dawa tatu, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), ambazo kila nyumba inayo moja nyuma ya televisheni? Hutuliza muwasho kwa siku mbili tatu, ndiyo maana zinapendwa. Zikitumika kwa miezi huikondesha ngozi, na huficha mapunye hadi yakaenea kichwa kizima. Muwasho ukizidi, losheni ya steroidi kwa siku chache ni sawa, lakini iandikwe na aliyekutazama.

Kuna sababu moja ambayo huisema kwa sauti ya chini, mteja akiwa peke yake. Mba mkali uliotokea ghafla kwa mtu mzima, umeenea usoni na kifuani, na hausikii dawa iliyotumika vizuri kwa mwezi mzima, unaweza kuwa dalili ya kinga iliyoshuka. Pima VVU. Wengi wanaopima hukuta hawana, na wachache wanaokuta wanavyo huanza dawa mapema, na ngozi nayo hutulia kadiri kinga inavyopanda.

"Nimesuka, siwezi kuosha"

Unaweza. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, ile ya kumiminia tomato inafaa sana, uipitishe kwenye mistari ya msuko. Subiri dakika zako tano, suuza kwa maji mengi ukiwa umeinama, bonyeza kwa taulo bila kusugua, kisha ukaushe hadi ndani. Kulala na msuko mbichi, au kuvaa hijabu au wigi juu ya nywele zilizolowa, ni kuitengenezea hamira joto na unyevu. Mwendesha bodaboda na avae kitambaa safi chini ya helmeti, akifue kila siku.

Muwasho ukianza siku ya kwanza au ya pili baada ya kusuka, hata kama huna mba, ishuku rasta yenyewe. Nywele nyingi za bandia huja na dawa ya kiwandani inayowasha. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo kabla ya kwenda kwa msusi, suuza, zianike zikauke.

Muwasho mkali, malengelenge au uso kuvimba siku moja au mbili baada ya kutia rangi nyeusi ni jambo jingine kabisa. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo PPD, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye piko. Kama piko ya harusini iliwahi kukuacha na malengelenge mkononi, usitie rangi nyeusi kichwani kamwe. Mwili hausahau.

Nami nilifanya la kipumbavu langu. Miaka iliyopita nilikwenda saluni kuweka dawa ya kulainisha nywele siku moja baada ya kujikuna hadi ngozi ikachubuka. Msusi aliuona mchubuko, akapaka grisi juu yake, akaendelea. Nami nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kesho yake kulikuwa na sherehe. Kidonda kilikaa wiki tatu, na mahali pale kisogoni nywele hazikurudi zote.

"Nywele zinatoka"

Shika moja iliyotoka uitazame. Ikiwa na kijinundu cheupe upande mmoja, imetoka na mzizi. Ikiwa fupi, haina kijinundu, imekatika njiani, na tatizo lako ni joto, dawa ya kulainisha au kuchana zikiwa kavu, ngozi haihusiki.

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Aliyesuka hazioni zikianguka kwa sababu zimeshikwa na msuko. Akifumua baada ya wiki nne, hesabu inampa kati ya 1,400 na 2,800 kwa mpigo, na akiliona lile fungu hupiga ukelele. Si ugonjwa huo.

Zikitoka kupita hapo, uliza: zinatoka wapi? Swali hili ndilo lenye kazi kubwa, kwa sababu mba hubebeshwa lawama zisizo zake. Mba peke yake mara chache hunyonyoa nywele. Kujikuna na uvimbe wa ngozi hufanya hivyo, na nywele hizo kwa kawaida hurudi ngozi ikitulia. Ukiona mba umetulia miezi mitatu na upara unaongezeka, chanzo ni kingine.

Pembeni, juu ya masikio na mbele kwenye paji: ni kubana. Twende kilioni iliyovutwa, rasta nzito, wigi la gundi. Dalili ya mapema ni vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi na kichwa kuuma usiku wa kwanza. Ukilazimika kumeza kidonge cha maumivu ili ulale baada ya kusukwa, fumua usiku huohuo, hata kama umelipa. Ukiacha kubana mapema nywele hurudi, ukiendelea miaka, mizizi hufa na ngozi hubaki laini.

Utosini kati, kwa mwanamke, duara likipanuka taratibu, pengine na hisia ya kuchomachoma au uchungu ukigusa: usisubiri. Kuna ugonjwa unaowapata zaidi wanawake weusi ambao huua mizizi na kuacha kovu. Vitundu vya nywele vikishapotea, ngozi ikang'aa, pale hapaoti tena. Tiba ni kuuzuia usiendelee. Nimewaona wanawake waliopaka mafuta ya nyonyo mahali hapo mwaka mzima kwa sababu rafiki aliwaambia ni "mba ulioingia ndani".

Kichwa kizima, nywele zinatoka kwa mafungu ukichana, ngozi ni safi: rudi nyuma miezi miwili au mitatu kwenye kumbukumbu yako. Kujifungua, malaria kali, upasuaji, msiba, kujinyima chakula ili upungue. Nywele hujibu kwa kuchelewa. Nyingi hukoma zenyewe ndani ya miezi sita hivi. Zisipokoma, pima wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo.

Duara safi, laini, halina gamba wala kovu: ni kinga ya mwili inayoishambulia mizizi yake yenyewe. Shampuu haina kazi hapo.

Mwanaume anayepungua mbele na utosini kama babaake: urithi. Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, husaidia wengine, lakini hupimwa kwa miezi minne na zaidi, na ukiacha, kilichoota huondoka. Ajabu ni kwamba ile ya maji mara nyingine huleta ungaunga na muwasho kwa sababu ya kiyeyusho chake, mtu akadhani amepata mba mpya. Ikikutokea, uliza ya povu.

Mtoto

Mtoto wa shule mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika, mara nyingi ana mapunye, na mapunye hayaponi kwa kupaka. Fangasi wamo ndani ya unywele. Inahitajika dawa ya kumeza, griseofulvini kwa wiki sita hadi nane, au terbinafini, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto, kwa hiyo apimwe na kuandikiwa. Griseofulvini hunyonywa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Hapa sasa mafuta yana faida, lakini ni ya tumboni. Shampuu ya ketokonazoli hupunguza kuwaambukiza wenzake. Kitana, kofia na mashine ya kinyozi visichangiwe, na watazame ndugu zake wote.

Uvimbe laini unaotoa usaha si jipu la kupasua. Mpeleke hospitali haraka, kabla haujaacha kovu. Na mafuta ya taa usimpake kichwani, yabaki kwenye jiko.

Kichanga mwenye ukoko wa manjano utosini hana shida kubwa. Lainisha kwa mafuta kidogo, baada ya muda mfupi osha kwa sabuni ya mtoto na kitambaa laini. Huisha wenyewe ndani ya miezi.

Vipele vya kisogoni

Hivi ni vya wanaume wanaonyolewa karibu mno. Kwanza vipele, kisha vinyama vigumu visivyo na nywele. Mwambie kinyozi aache urefu kidogo, asipitishe wembe, wala asirudierudie mashine palepale. Vikiwa vigumu tayari, usikate.

Maji ya karafuu, ndimu na asali

Karafuu zina mafuta yanayowasha ngozi iliyochubuka. Kama huwashwi sasa, huna haja ya kuyatafuta matatizo. Ndimu kisha jua ni njia ya kupata malengelenge na madoa meusi. Asali ina habari nzuri kidogo: utafiti mdogo wa mwaka 2001 wenye wagonjwa 30 uliipaka ikiwa imechanganywa na maji kidogo ya vuguvugu, siku moja ndiyo moja siyo, ikakaa saa tatu kabla ya kuoshwa, na magamba yalipungua. Ni watu 30 tu, na saa tatu na asali kichwani Tanga maana yake ni sisimizi, lakini asiye na hela ya shampuu hana cha kupoteza.

Ukienda kwa mtaalamu

Nenda ukiwa na upara wa utosini unaopanuka, usaha, ngozi inayong'aa bila vitundu, mtoto mwenye mabaka, au mba uliokataa mwezi mzima wa matumizi sahihi. Si lazima usafiri mbali. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi tangu mwaka 1992, na baadhi yao wako kwenye hospitali za mikoa na wilaya; uliza kliniki ya ngozi hufanyika siku gani.

Fumua msuko kabla ya kwenda. Usioshe wala kupaka kitu siku mbili tatu, kwa sababu kichwa kilichong'arishwa kwa ajili ya daktari hakimwambii lolote. Beba chupa na tyubu zote ulizotumia, hata ile usiyotaka aione.